Matoka ya Shamba la Juu

Morogoro, 12 Januari 2025

Ndugu yangu Moffat,

Natumaini mwaka mpya umewakuta wazima hapo Gatitu, na kwamba goti lako linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Sisi huku tunaendelea. Binti yangu Tumaini amerudi shuleni kufundisha, mjukuu anaota meno na nyumba nzima hatulali. Milima ya Uluguru imejaa mawingu tangu Krismasi, lakini ni mawingu ya kutisha tu.

Masikio yangu sasa yamefunga kabisa. Tumaini akinishikisha simu, naiona midomo ya mwanao Wamae ikicheza kwenye kioo, nami natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, nawe itabidi urudi.

Nisamehe kwamba sikuja Agosti kumzika Mama Phyllis. Nilikuambia ni mguu, na ni mguu kweli. Alitulea vizuri. Wewe ulimwita mama kabla hujajua kusema vizuri, na sikutaka, maadamu anapumua, mtu aje kumwonyesha mahali alipolala aliyemtangulia nyumbani kwake. Sasa amepumzika, na Tumaini ameniandikia kwenye karatasi kwamba Wamae ameuza shamba la juu. Siwezi kunyamaza tena.

Uliambiwa kwamba mama yetu Gathoni alizikwa kule kijijini tulikofungiwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, pamoja na wengine waliokufa kwa homa mwaka wa 1955. Si kweli. Yuko shamba la juu.

Baba alikuwa kizuizini Manyani. Sisi tuliruhusiwa kutoka kijijini saa moja kwa siku kwenda kutafuta chakula mashambani, na walinzi walisimama juu ya handaki wakitutazama. Cucu, mama yake baba, alimfunga mama ndani ya blanketi, akamlaza kwenye machela ya matawi, akamfunika kwa mashina ya viazi vitamu kama watu wanaokwenda kupanda. Tulikuwa Cucu, wazee wawili waliobeba, na mimi. Nilikuwa na miaka minane. Shimo lilikuwa fupi kwa sababu muda ulikuwa mfupi.

Kisha Cucu alifanya jambo ambalo sikuwa nimemwona mtu akilifanya. Alikwenda mpakani mwa shamba letu akachimba matoka mawili. Nawe unajua itoka si ua la kuchezea. Ndilo shahidi wa mpaka, na anayelihamisha amejilaani. Alipanda moja kichwani pa mama, lingine miguuni, akaniambia, "Hili hakuna mtu atakayeling'oa." Akaniapisha nisiseme, maana kuzika nje ya kijiji kulikuwa kosa. Baadaye baba alirudi, akamwoa Mama Phyllis, na kiapo kikawa kama adabu. Cucu alipofariki nilikuwa huku tayari na mpaka wa nchi zetu mbili ulikuwa umefungwa, sikuweza hata kuja kumzika yeye.

Wakati wa kiangazi itoka hupotea ardhini usione hata jani. Mvua ndefu zikianza hutoa shina moja na juu yake maua mengi meupe yenye mstari mwekundu kama mtu alipitisha kidole. Tafadhali mwombe mnunuzi angoje mvua. Matoka yakichanua, chimbeni katikati yake, mumtoe mama na kumleta chini karibu na nyumba. Sitaki kitu kingine katika shamba lile.

Dada yako,
Wacera


Gatitu, 9 Februari 2025

Dada yangu mkubwa Wacera,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi ni wazima, isipokuwa ng'ombe ambaye amekataa kushika mimba kwa mara ya pili, na daktari wake anasema tumpe muda kana kwamba yeye ndiye anayemlisha. Wamae yuko. Mke wake Jeniffer bado ana kitalu chake cha miche hapa kando ya barabara, na kazi yake inaendelea. Jua ni kali. Mlima hauna theluji ya kutosha hata kupoza chai.

Barua yako niliichukua posta, na nikafanya haraka ya kipumbavu ya kuisoma kwa sauti mezani, watu wote wakiwa wanakula. Chakula kilibaki.

Dada, sijui nikuandikie nini. Yale matoka nimeyaona maisha yangu yote. Nilidhani ni mpaka wa kale, wa kabla mashamba hayajaunganishwa na wapimaji. Nilipokuwa nikipalilia kahawa nilizungusha jembe nikayaacha, kama baba alivyonifundisha, na baba hakuniambia ni kwa nini. Mchana nilikuwa nakaa hapo hapo kunywa uji. Miaka mingapi, dada. Niko na miaka sabini, na kumbe nilikuwa nakula kando ya mama yangu kila siku bila kumsalimia.

Nilikwenda kumwona mnunuzi. Anaitwa Njoka, ni mtu wa Nanyuki, ana hoteli huko na anataka kujenga hapa vyumba vya wageni wanaopenda kuamka wakiuona mlima. Nilimweleza nikifikiri atanicheka. Alivua kofia. Akasema, "Mzee, mimi pia niko na mama. Nitangoja mpaka Mei iishe, lakini tingatinga nimeshalikodi, siwezi kupita hapo." Kwa hiyo anangoja.

Kwa sasa huko juu hakuna kitu cha kuona. Ni ukame.

Nakuomba uniambie alikuwa anafanana na nani. Hatukuwa na picha yake, na Mama Phyllis hatungemuuliza. Wewe una kumbukumbu. Mimi sina kitu chake hata kimoja. Sikuwahi hata kumlilia, kwa sababu nilipojua nilikuwa nimeshazoea.

Na huo mguu unaendeleaje? Unautaja halafu unaupita.

Ndugu yako,
Moffat


Morogoro, 2 Machi 2025

Moffat ndugu yangu,

Barua yako imefika mapema kuliko nilivyotarajia. Mtoto ameota meno mawili na amani imerudi. Mwambie Wamae auze huyo ng'ombe kabla hajawafundisha wengine.

Mama alikuwa mfupi. Alikuwa na pengo la meno ya mbele, na akicheka alilifunika kwa kiganja, kisha anasahau na kuondoa mkono. Vidole vyako, vile vifupi unavyovichukia, ni vyake. Alikuwa mwepesi wa maneno. Baba alipokawia kwa rafiki zake, alimpokea mlangoni kwa kumuuliza, "Mwenye nyumba, umefika au unapita tu?" Alipenda kulala ubavu, mkono chini ya shavu, na Cucu alimlaza hivyo hivyo. Alipougua aliomba maziwa ya mgando, na hapakuwa na ng'ombe tena. Hayo ndiyo niliyo nayo. Niliyahesabu kuwa mengi mpaka nilipoyaandika.

Sasa nikueleze mahali, ili mvua ikianza usipoteze muda. Panda hadi kwenye kisiki cha mti wa muiri, pale njia ya ng'ombe inapokata ngazi za matuta ya kahawa. Uelekee mlima. Kabla ardhi haijaanza kuteremka kwenda mtoni kuna mahali tambarare kama kitanda. Itoka la kichwani liko upande wa mlima. Cucu alisema mtu asilazwe akiupa mlima mgongo.

Nitakuja Pasaka, mguu ukikubali. Tumaini ataomba ruhusa kazini anisindikize. Nataka niwe nimekaa hapo kwenye kiti siku mtakayochimba. Mimi ndiye niliyebaki katika waliomzika, na mtu wa kumpokea ni mimi.

Mkichungulia mkaona hata ncha ya jani, niandikie siku hiyo hiyo.

Wacera


Gatitu, 13 Aprili 2025

Dada Wacera,

Natumaini barua hii inakukuta vyema. Sisi wote ni wazima. Mvua imekuja, na imekuja kwa fujo. Paa la kanisa limevuja upande wa kwaya, kwa hiyo kwaya sasa inaimba ikiwa imekaa na wazee, na wazee wamejua kumbe hawajui nyimbo. Ng'ombe tumemuuza. Jirani yetu Mburu, yule wa kinu cha kusaga, alifariki tukamzika Jumanne iliyopita. Mvua ilinyesha katikati ya mahubiri, mchungaji akafupisha, na nilimwona mjane akishukuru.

Mahindi yamechipua vizuri. Viazi pia. Wamae amejenga upya banda la kuku.

Nilikuwa nafikiri juu ya safari yako. Usije Pasaka. Barabara zimeharibika na mabasi ya mpakani yanajaa sana wakati huu. Kwa mtu wa mguu mbaya si vizuri. Ngoja kiangazi.

Kule juu bado kunanyesha. Njoka alipita wiki hii, tukaongea kidogo, akaenda.

Asante kwa habari za mama. Nimezisoma mara nyingi. Nimekuwa nikivitazama vidole vyangu kama mtu aliyenunua mikono mipya.

Jeniffer anakusalimu sana.

Moffat


Morogoro, 29 Aprili 2025

Ndugu yangu,

Hatujambo. Mnajua hatujambo, kwa hiyo nipite hapo.

Umeniandikia habari za kwaya, ng'ombe, Mburu, mahindi, viazi na kuku. Hukuandika neno moja juu ya matoka. Nimekaa na barua yako nikitafuta kama labda liko nyuma ya karatasi. Itoka halingoji, Moffat. Mvua ikigonga ardhi linatoka, likichelewa ni wiki. Umekuwa na mvua tangu mwanzo wa mwezi. Ama umeona, ama hukuona, na vyote viwili vinaandikika.

Wewe hujawahi kunidanganya. Ulipovunja chungu cha Mama Phyllis ulikuja kuniambia kabla vipande havijatulia. Unapokuwa na jambo unazungumza habari za kuku.

Basi nianze mimi. Mguu ulioulizia habari zake haupo. Waliukata Julai chini ya goti kwa sababu ya sukari, na ndiyo maana sikuja kumzika Mama Phyllis. Nilipokuandikia kwamba nitakuja Pasaka nilijua siji. Nilitaka kuandika sentensi ya mtu anayesafiri. Tumaini alichungulia juu ya bega langu, akaisoma, akatoka chumbani.

Sitakuja kiangazi pia. Nyumbani sitapaona tena isipokuwa kwa kalamu yako, kwa hiyo kalamu hiyo iwe ya kweli.

Nimekuambia langu. Niambie lako.

Wacera


Gatitu, 19 Mei 2025

Dada yangu,

Nimeulilia mguu wako kwanza, ndipo nikaweza kuandika. Wamae alinikuta, nikamwambia ni moshi, naye akatazama jiko ambalo halikuwa na moto.

Matoka hayako. Hayako tangu miaka minne iliyopita, na nilijua hivyo jioni ile ile ya barua yako ya kwanza.

Nilipokuwa naisoma mezani na kufika mahali Cucu anapanda, Jeniffer aliweka mwiko chini akaenda jikoni. Nilimfuata. Alikuwa amesimama ukutani. Akasema, "Baba, nilidhani ni maua tu."

Kahawa ya juu tuliing'oa ile miaka bei ilipoanguka, tukapanda nyasi za ng'ombe. Trekta ilisawazisha ngazi zote. Jeniffer amekulia Nanyuki mjini, kwao mpaka ni ukuta, na hakuna aliyemfundisha. Mimi sikumfundisha. Aliyaona yamechanua kando ya trekta, akaona ni mazuri na yataharibiwa, akayachimba ayaokoe. Ndiyo neno lake, ayaokoe. Yalikuwa yamezaana chini kwa chini miaka yote hiyo, kitunguu juu ya kitunguu. Aliyatenganisha, akapanda machache langoni petu, mengine akayauza kitaluni. Yalipendwa. Watu waliuliza kama ataleta mengine.

Na mimi nilipita langoni kila siku nikasema ni mazuri. Itoka langoni kwangu, mtu wa miaka yangu, na sikujiuliza limetoka wapi.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani nitapapata bila maua. Nilikuwa na maelezo yako. Lakini kisiki cha muiri kilichomwa makaa zamani, njia ya ng'ombe haipo, na ile sehemu tambarare, baada ya trekta, kila mahali ni tambarare. Mwezi wa tatu nilianza kuchimba na Wamae. Njoka alipojua, alituletea watu wake bila kuombwa. Tulichimba mitaro upande wote ule. Udongo wetu mwekundu haurudishi kitu, dada. Mawe, mizizi, udongo tena. Nilikuwa naupitisha kwenye vidole hivi ulivyoniambia ni vyake. Jana Njoka alikuja akakaa nami kando ya mtaro wa mwisho bila kutaja Mei. Mimi ndiye niliyemwambia alete tingatinga. Linakuja wiki ijayo.

Mwaka huu yamechanua kuliko miaka yote. Jeniffer aliniambia wateja aliowakumbuka, nikatoka kuyatafuta. Yako mbele ya duka la dawa. Yako kwenye lango la kanisa la kule barabarani. Mtaa wa Majengo, karibu na msikiti, kuna mama aliyeyapanda kwenye makopo ya rangi nje ya kioski chake, akaniuliza kama nataka sukari ama unga. Kila mahali nilisimama na kofia mkononi. Watu walidhani natafuta kazi.

Jeniffer hali chakula vizuri. Ameyachimba yale ya langoni, yako ndani ya gunia hapa verandani, na anauliza ayapande wapi. Wamae anasema tuchague mahali palipo karibu na ulipoeleza, kwenye kipande Njoka ametuachia pembeni, tuyapande mawili, mchungaji aombe, tuseme ni hapo. Ati hakuna atakayejua. Nakungoja wewe.

Nisamehe kwa habari za kuku.

Moffat


Morogoro, 8 Juni 2025

Moffat ndugu yangu mpendwa,

Tuko salama. Mjukuu amesimama kwa kushika magongo yangu, na sasa tunayagombania.

Nilisoma barua yako mara moja nikaifunga kwa siku kadhaa. Najua tingatinga limeshapita. Nilikuwa nikiamka asubuhi nafikiri labda leo.

Jeniffer ale. Mwambie hivyo kutoka kwangu, kwa maneno hayo hayo. Cucu alisema hakuna mtu atakayeling'oa, na alikuwa na haki ya kusema hivyo kwa watu aliowajua. Hakuwajua watoto wa watoto wetu, ambao sisi hatukuwaambia kitu. Mtu aliyeona kitu kizuri mbele ya trekta akapiga magoti kukitoa, siwezi kumlaani. Nimejaribu, usiku mmoja, sikuweza.

Lakini msiyapande kwenye kile kipande cha pembeni. Mwambie Wamae nimekataa. Itoka likisimama mahali linashuhudia jambo, na hapo litashuhudia uongo. Sitaki watoto wake waje wavue kofia mahali ambapo hapana mtu. Jeniffer ayarudishe langoni yawe maua, kama alivyoyataka. Mama hana mahali sasa. Tuseme hivyo, tukae nalo. Nimeliandika hapa kwa mkono wangu nione kama linaandikika, na limeandikika.

Kuna jambo moja limebaki. Nilikuandikia Januari kwamba siku ile tulikuwa Cucu, wazee wawili, na mimi. Nilikuacha makusudi, na uliponiambia huna kitu chake hata kimoja nilikaribia kukuambia, nikaogopa litakuumiza. Sasa sina kingine cha kukupa.

Ulikuwapo. Hapakuwa na mtu wa kukuachia kijijini, kwa hiyo nilikubeba mgongoni, umefungwa kwa shuka la mama. Ulikuwa na mwaka mmoja. Cucu alikuwa ametukataza kulia, kwa sababu sauti inavuka bonde na walinzi walikuwa juu ya handaki, na mtu akilia shambani watakuja kuuliza kilichopandwa. Wale wazee walifukia kimya. Cucu alikuwa ameuma ncha ya nguo yake. Mimi nilikuwa nimeuma mkono wangu. Udongo ulipokuwa unaanguka juu ya majani ya viazi, ulitoa mlio fulani, kama mvua ya kwanza, na wewe ukaupenda. Ulicheka. Kila walipotupa udongo ulicheka tena, ukapiga miguu kwenye mbavu zangu.

Nilitaka kukuziba mdomo. Cucu alinishika mkono. Alisema, "Mwache. Mtu akizikwa lazima mtoto wake atoe sauti."

Nakusalimu kwa moyo wote,

Wacera